Mama Rahab Wakonyo Njau (1948–2025): Kikombe Alichokingoja

Mpendwa wetu Mama Rahab Wakonyo alizaliwa tarehe 12 Machi 1948 huko Ruiru, kifungua mimba wa marehemu Mburu na Wangechi. Alisoma hadi darasa la saba, akaacha mwaka 1963 ili wadogo zake waendelee. Kuanzia 1966 alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha mananasi ya mkebe, Eneo la Viwanda Thika. Hata Jumapili mikono yake ilinukia nanasi.

Tarehe 14 Desemba 1968 alifunga ndoa na Mzee Njau Gachau.

Septemba 1969 watu walikuwa wakibebwa kwa malori kwenda kula kiapo cha siri cha kabila, kilichopewa jina la chai. Waapishaji walipofika nyumbani kwao, Mama alisema, "Nimekunywa kikombe cha Bwana. Hicho kingine hapana." Alipigwa hadi vidole viwili vya mkono wa kushoto vikavunjika, havikunyooka tena. Mzee Njau alipandishwa lori, akaapa kwa woga, akarudi asiweze kumtazama mkewe.

Jumapili ya Meza ya Bwana, washirika walipokwenda kula mkate na kunywa kikombe, Mzee alibaki kitini, akijiona hastahili. Mama akabaki kando yake. Wazee wa kanisa wakadhani naye alikula kiapo, na mmoja wao akamuuliza:

"Kwani na wewe ulikunywa ile chai, mama?"

"Kuna mtu namngoja, mzee."

"Nani?"

"Akifika mtamwona."

Jina lake likaondolewa kwenye orodha ya washirika, na waliozoea kumwita dada wakaacha. Hilo, alisema baadaye, lilimuuma kuliko vidole. Nyumbani Mzee alimsihi, "Enda ukunywe, Wakonyo. Ulipigiwa hicho kikombe."

"Sikupigwa ndio ninywe peke yangu."

Pasaka ya 1972 Mzee alisimama mbele ya ushirika wote. "Aliyeapa ni mimi," alisema. "Huyu alipigwa, akanyamaza." Siku hiyo walikwenda mezani wameshikana mikono.

Mama aliugua figo tangu 2022. Wiki yake ya mwisho mchungaji alimletea Meza kitandani, na Mzee akamshikia kikombe. Mama alifumba midomo, akamwashiria kwa macho atangulie. Mzee alikunywa, ndipo naye akanywa. Alitutoka Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025.

Ameacha mumewe, watoto wake Idah, Mburu na Trizah, wajukuu tisa na vitukuu wawili.

Mama apumzike kwa amani. Nawe Baba, usiwe na haraka, amezoea kukungoja.