Gari Lililotakiwa Kukatwakatwa

Detroit, mwaka 1956. Mzee aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa amekamata funguo mpaka vidole vimepauka. Alikuwa akimwambia mama wa pembeni yake, ambaye hakumjua, kwamba ana yadi ya vyuma chakavu, na kampuni moja ya magari ilimpelekea gari la maonyesho alikatekate, kama wanavyofanya kila msimu wa maonyesho ukiisha. "Nikawaambia nimeshalikata. Leo wanakuja kuhakikisha."

"Na hujalikata?"

"Lipo chini ya turubai, mama."

"Una wazimu, bwana! Lina injini angalau?"

"Halina. Hata milango haifunguki."

"Kwa hiyo unaiponza yadi yako kwa sanduku la magurudumu?" Akacheka. Mimi nilijifanya nasoma gazeti, ingawa nililishika juu chini.

"Uliliona likizunguka jukwaani?" mzee akauliza. "Watu walinyamaza kama wako kanisani."

"Nililiona. Foleni iliniua miguu. Bado ni sanduku. Likate! Wakigundua, hawatakuletea tena hata msumari."

"Najua. Nikishika msumeno, mkono unakataa."

Basi likapunguza mwendo. Upepo ulikuwa umefunua turubai, na juu ya uzio wa yadi ya mzee pezi jekundu la nyuma ya gari, lililochongoka kama la samaki, lilionekana wazi. Bwana mmoja mwenye kofia alikuwa akigonga lango, bado hajainua macho.

Mama akaacha kucheka. "Usishuke hapa," akanong'ona. "Shukia kituo cha mbele, uingie kwa nyuma, ukalifunike. Haraka!"

"Yadi haina mlango wa nyuma, mama."

Basi likasimama.