Viatu Alivyoviona Chini ya Meza

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu mchapishaji, walimu wa fasihi mliojaza safu za mbele, ndugu wageni waalikwa, shangazi zangu mliokataa kukaa mbali na feni, na wewe mdogo wangu, mwenye kitabu chako: nawasalimu nyote.

Nimeambiwa niseme machache, nikupongeze, nishuke. Pongezi nimeziandika, ziko kwenye mkoba, na zitabaki humohumo. Tangu asubuhi sijatulia. Hata chai imenishinda.

Mimi ni fundi cherehani, nimerithi duka la baba, fasihi sikuisomea. Lakini sura ya nne ya kitabu hiki nimeisoma mpaka mume wangu akaniuliza, "Kwani una mtihani?" Ndiyo sura ya koti la bwana harusi. Baba alikuwa na sheria moja dukani: aliyetia makaa ndiye anayewajibika kwa pasi. Siku hiyo makaa aliyatia msaidizi wake, tuliyemwita Kaka Kifungo, kisha akakaa kushona vifungo. Mdogo wangu, bado mtoto wa darasa la kwanza, akataka kuonyesha kwamba naye ni fundi. Akaiburuta pasi, akaiweka mgongoni mwa koti, na kwa uzito wake akashindwa kuinyanyua tena. Alipoona moshi akaingia chini ya meza ya kukatia. Baba alipofika, alimfukuza Kaka Kifungo palepale.

Walimu, hebu niambieni: mwandishi anamfikishiaje msomaji hatia ya mtoto ambaye hata kuitaja hawezi? Kitabu kizima huyu anasema "mimi", lakini pasi ikigusa koti tu, "mimi" anatoroka, anabaki "yule mtoto". Moshi ameupa kurasa mbili nzima. Mtu kupoteza kazi, sentensi moja. Na kwa kuwa mtoto yuko chini ya meza, nasi tunaona anachokiona yeye: viatu vya baba vinakwenda na kurudi, vya Kaka Kifungo vimesimama, halafu vinatoka. Uso hatuuoni. Sauti tunaisikia mara moja tu: "Mzee, mimi nilikuwa kwenye vifungo." Hapo nililia, na walionizoea wanajua kwamba machozi yangu hayako karibu.

Mdogo wangu, sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa: unajua kuandika. Lakini niliporudia kusoma nilikasirika. Ni nani aliyeko chini ya meza hivi sasa, mtoto wa darasa la kwanza au mtu mzima mwenye miwani? Ufundi uleule uliotuonyesha hatia yako, je, si ndimo unamojificha?

Basi nikakipeleka kitabu kwa Kaka Kifungo. Siku hizi anauza vitasa na bawaba. Aliisoma sura ile amesimama mlangoni, wateja wakimwita, hasikii. Nilidhani atanitukana. Akakifunga kitabu, akafuta jalada kwa mkono wa shati, akasema, "Dogo ameandika vizuri. Mambo yote yamo. Sasa mbona mwenyewe haji?"

Nikasema uko bize. Uongo mtupu, na aibu yake ilinipata mimi, maana duka lake liko mtaa wa pili kutoka nyumbani kwako.

Mheshimiwa mgeni rasmi, uniwie radhi nimevuruga ratiba; mshereheshaji naye ameshanikodolea macho vya kutosha. Kaka Kifungo yuko humu ukumbini. Ni yule bwana wa shati la mistari, safu ya nyuma, aliyekataa katakata kuletwa mbele. Mdogo wangu, usinitazame mimi. Wanaotaka sahihi yako watasubiri, kalamu haitakimbia. Yeye hasubiri. Ameniambia atakaa mpaka nimalize kusema, kisha anarudi kufungua duka lake.

Nami nimemaliza. Kwa masikio yenu, asanteni sana.