Watoto Thelathini na Saba wa Kitabu cha Maziko

Mgeni rasmi, Bi Pascoe, uliyevuka bahari nzima kutoka Melbourne kuja kutuona hapa ughaibuni kwetu, Carrollton:

“Ule mutoto ni wa benyewe, Mama Lenny. Unamupatia jina, wewe ni nani?”

“Na wewe Papa Kalume, ungemwacha hivyo tu, kama mzigo usio na mwenyewe?”

Hayo ndiyo uliyoyakuta ukipanda ngazi, na tunaomba radhi. Kwamboka, tunayemwita Mama Lenny, na Kalume ni majirani wa mlango kwa mlango, na wako kwenye ubishi huo tangu Jumatatu. Sandrine, aliyeketi kando yako, anakutafsiria sikioni. Tumemwambia asipunguze kitu.

KARIBU

Karibu kwenye ukumbi wa apatimenti zetu. Viti havitoshi, kwa sababu habari za kuja kwako zilifika Irving, mji jirani, kabla hatujamaliza kusoma barua pepe yako, na Pearland sijui zilipitia wapi. Kuna watu wameendesha gari kwa saa nne na nusu ili wamwone mama anayetunza majina ya marehemu wa Australia. Wengine walidhani utakuwa na miaka mia.

TULIVYOANZA

Jepchirchir, muuguzi wa Irving, alikuwa anatafuta kazi Perth. Akabofya mahali sipo, akajikuta amejisajili kwa kujitolea kunakili rejista za kale, ili watu wa Australia waweze kuwatafuta mababu zao mtandaoni. Aliona haya kujitoa. Jumamosi iliyofuata alituita kwa chai, na nyumba ya Jepchirchir ikishajaa haitoki mtu. Tumekaa miaka mitatu.

TULICHOFANYA

Kurasa elfu kumi na moja: orodha za meli, ubatizo, maziko. Mwandiko wa karani wa mwaka 1870 hautusumbui. Wengi wetu tumesoma wa madaktari.

Lakini kuna kitu hakimo kwenye ripoti. Ikifika saa kumi, jua linapoinama kwenye madirisha, gumzo hupungua lenyewe. Mtu husoma kwa sauti: Honora, mfua nguo, miaka ishirini, ameshuka na sanduku moja. Basi tunamwona akishuka, upindo wa sketi umelowa, akitafuta uso anaoujua. Tunasogea kidogo kwenye benchi, kama vile atakuja kukaa. Kalume, ambaye karatasi za ukoo wao ziliungua Uvira, humwinamishia kichwa kila anayesomwa.

TULIPOKOSEA

Kanuni yenu ni moja: andika unachokiona. Tunaijua, imebandikwa ukutani pale.

Mwezi wa pili Kwamboka alipewa kitabu cha maziko cha parokia moja ya mashambani, Victoria. Alianza vizuri. Kisha akamkuta mtoto wa kike, saa sita za uhai, hana jina. Akaandika hivyo. Akamkuta wa pili, wa tatu. Kufikia wa nne, akaacha kuandika. Yeye hufanya kazi kliniki ya watoto, na anasema aliwaona wamekaa kwenye benchi la kungojea, wasafi, miguu haifiki chini. Karani anaita jina, si lao. Anaita lingine, si lao. Hakuna aliyelia, na hilo ndilo lililomshinda.

Kwao Kisii mtoto huchukua jina la aliyetangulia. Kwamboka akarudi nyuma kitabuni, akamtafuta bibi wa kila mtoto, mama wa baba, au babu, na akampa jina lake. Margaret. Silas. Honora. Watoto thelathini na saba, katika Jumamosi mbili. Anasema kila alipoandika, mmoja alishuka kwenye benchi akaenda.

Mkaguzi wa kurasa hizo alikuwa Kalume. Alizipitisha zote bila kufungua hata picha moja ya kurasa za kitabu, kwa kuwa siku hiyo alikuwa anatusimulia harusi ya Pearland ambako bibi harusi alichelewa saa tano. Na sisi tulikuwa tunamwambia endelea.

Kisha mzee mmoja wa Bendigo akaona kwamba baba yake alikuwa na dada, Margaret. Akawaambia wajukuu. Akaagiza jiwe. Baadaye akafungua picha ya ukurasa wenyewe, akakuta hapana Margaret. Alichowaandikia ninyi mlitutumia, na tulikisoma tumesimama. Akaunti yetu mkaifunga, na ilikuwa haki.

MAOMBI

Tunajua umekuja kuamua kama Kwamboka aondolewe, au sisi sote. Hatutasema hakukosea.

Tunaomba utufungulie Jumamosi moja tu. Afute majina hayo kwa mkono wake, moja moja, sisi tukiwa tumekaa naye, kama watu wanavyokaa matanga. Kalume akague, na safari hii amenyamaza.

Tunaomba umpelekee mzee wa Bendigo barua ya Kwamboka. Ni fupi. Anamwambia kwamba huyo dada alikuwepo, saa sita, na kwamba jina alipewa na mtu mwingine mwenye huzuni.

Na tunaomba umwache aendelee kusoma nasi. Ukikataa, tutaelewa, ila Jumamosi atakuja vilevile, maana chai haina akaunti.

Mungu akurudishe salama kwa watu wako, na kila aliye kitabuni mwako apate wa kumtafuta.

Ni sisi, Wasoma Majina wa Jumamosi, Carrollton.
Imesomwa na Everline, katibu.

Mama Lenny mwenyewe amebaki kwenye ngazi. Anasema hawezi kula mbele yako kabla hujasema neno. Lakini pilau haingojei hukumu. Papa Kalume ameomba mstari wa mwisho wa risala uwe wake, na sasa anasimama, anafungua mlango:

“Mama Lenny, ingia. Kuya tukule.”