Walioonja Dawa ya Bibi Hamisa

Mimi Rehani Mwinjuma, mfagiaji wa zahanati, nina miaka sabini na mmoja. Nimewashinda kuishi Mjerumani, Mwingereza, nzige, wake wawili na waganga sita wa zahanati, na ufagio ninao bado. Kamati ya sherehe imeniambia niandike ukurasa mmoja wa kumuaga Nesi wetu, na nisilitaje jambo la Kwamsala. Ukurasa nimeandika. Kwamsala nitaitaja, maana bila hiyo mtakuwa mnamuaga mtu mwingine.

Muuguzi Mkunga Agripina Semboja, mzaliwa wa Dindira, anastaafu tarehe 30 Juni 1985. Aliajiriwa tarehe 1 Februari 1962, bendera ya Uhuru bado haijapauka. Hiyo ni miaka ishirini na mitatu na miezi mitano. Alianzia Korogwe, akaenda Mazinde, akapelekwa Kwamsala, Handeni, vijiji vya ujamaa vilipoanza, na mwaka 1976 akaletwa hapa Mnyuzi. Mimi nilimfuata. Serikali haikunihamisha, nilijihamisha.

Kule Mazinde alizalisha mama juu ya trela la mkonge. Alimwamuru dereva wa trekta afumbe macho, na yule bwana akafumba kabla hajasimamisha trekta. Mtoto alizaliwa wametoka barabarani, mzima kabisa. Kwamsala alinifundisha kusoma kwa maandishi ya maboksi ya dawa, ndiyo maana hadi leo neno ninaloandika vizuri kuliko yote ni "kutwa mara tatu". Sindano alichoma yeye, lakini aliyezichemsha ni nani? Ni mimi, na hakuna jipu hata moja lililotoka kwenye sufuria yangu.

Sasa Kwamsala. Mwaka ulikuwa 1972, na mganga alikuwa amehamishwa, hivyo tulibaki wawili, Nesi na mimi. Binti mmoja, Mwanaidi, alijifungua mtoto wa kike, na siku ya tatu damu ikamchukua. Mtoto akabaki na bibi yake, Bibi Hamisa, mjane ambaye mara ya mwisho kunyonyesha ilikuwa miaka kumi na tisa nyuma. Maziwa ya kopo duka la kijiji halikuwa nayo. Ya ng'ombe yakamharisha. Wanawake watatu waliokuwa na wachanga tuliwaomba, wote wakakataa. Walisema mama yule hajaenda mbali, anamngoja mwanawe, na atakayemnyonyesha, wa kwake naye atafuata kaburini. Siku ya kumi na mbili mtoto aliacha kulia. Alikuwa anafungua mdomo tu, sauti haitoki.

Nesi akapanda lori la mahindi hadi Korogwe kwa daktari, akarudi kesho yake na cheti na chupa ya kahawia. Vilikuwa vidonge vya kutuliza wagonjwa wa akili. Daktari alikuwa ameona wanawake wazima, wasio na mimba wala mtoto, wakivimeza na maziwa yakawatoka. Akamwandikia Bibi kwa kipimo, akaonya kwamba vitamlewesha usingizi, asiachwe peke yake na mtoto, na mtoto anyonye hata kama hakuna kitu.

Bibi Hamisa akaitazama chupa. "Mwanangu Agripina, mimi nina msiba, sina wazimu."

"Bibi, ni ya kuleta maziwa."

"Haya. Kwetu mtu akikupa togwa, huonja kwanza mwenyewe. Meza."

Nesi akameza. Bibi akanigeukia. "Na huyu bwana ufagio naye ameze, nijue si dawa ya kuwaroga wanawake."

Nikameza. Mimi siogopi kitu.

Tulidhani ni siku moja. Lakini kila asubuhi Bibi alifumba mdomo mpaka ameona koo zetu sisi wawili zikishuka. Nesi mwenyewe husema hadi leo kwamba lile lilikuwa kosa, dawa ya cheti cha mtu ni ya mtu huyo, nanyi msije mkaiga. Lakini angekataa, Bibi naye angekataa, na mtoto hakuwa na wiki ya kubembelezana.

Dawa ile mnaiulizia? Kinywa kilikauka kama kibuyu. Miguu ikawa ya mtu mwingine. Watu nikiwatazama, walikuwa kama wako nyuma ya chandarua. Nesi alimweka mtoto kwenye titi la Bibi, na maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa akayadondosha kwa pamba juu ya titi, tone kwa tone, ili mtoto asikate tamaa ya kuvuta. Bibi alisinzia macho nusu wazi, mchana kweupe, akiongea na ukuta: "Mwanaidi, sogea kidogo, anataka upande wa pili." Kisha yeye mwenyewe akasogea, kama anayempisha mtu. Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio. Sikufagia ile kona siku hiyo.

Siku ya tisa yakatoka majimaji ya njano, halafu meupe. Mtoto akapata sauti. Na siku ya nne tangu maziwa yaanze, mtoto alipolia huko nyumbani kwa Bibi, Nesi alikuwa zahanati akiwapima wajawazito, mbali, hawezi kusikia. Gauni lake jeupe likalowa miviringo miwili kifuani. Wanawake kwenye benchi wakaona. Mmoja mmoja wakainuka wakaondoka.

Nesi hakuwa na mume, wala hakuwahi kuzaa. Kufikia adhuhuri kijiji kilikwisha kuamua kwamba amezaa kwa siri na mtoto amemfukia. Mwenyekiti wetu, Ndugu Mhina, akaja na mgambo na majembe, wakachimba nyuma ya zahanati, mahali pale pale tulipokuwa tunafukia kondo za nyuma za wazazi wote wa Kwamsala. Wakatoa vitambaa vyeusi vya damu kavu. Nesi akasema ni vya nini. Nani anasikiliza?

Mkutano ukaitishwa saa tisa. Azimio lilikuwa apandishwe lori, apelekwe polisi Handeni. Bibi Hamisa alikuwa mbele amempakata mjukuu, na alinena jambo moja tu: "Mkimpeleka, nani atanionjea kesho?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilijua hesabu yake. Bila Nesi hakuna kuonja, bila kuonja hakuna dawa, na maziwa yalikuwa na siku nne tu tangu yaanze.

Sasa nasema jambo ambalo sikumwambia hata mke wangu wa pili. Kwa siku mbili nilikuwa nimejifunga kilemba changu kifuani, chini ya shati. Nilidhani ni jasho. Jasho halinati.

Nikasimama katikati. Nikafungua vifungo, nikafungua kilemba. "Mwenyekiti," nikasema, "nimeonja dawa ile ile. Njoo unichimbe na mimi." Wakati huo huo mtoto akalia. Nikahisi uzi unavutwa kutoka mgongoni hadi mbele, na tone likatoka, jeupe, kwenye kifua cha mwanamume mwenye mvi. Likasimama. Likaanguka. Jua lilikuwa kali lakini niliona watu wazima wakijikunyata kwa baridi.

Mhina akasema, "Funga shati, mzee. Mkutano umefungwa."

Nesi hakupelekwa popote. Dawa iliendelea kwa kipimo cha daktari hadi chupa ilipoisha, na baada ya hapo Bibi akanyonyesha bila kidonge mwaka mzima na zaidi. Mimi na Nesi tulikauka. Kama katika siku zile Nesi alimpa mtoto titi lake mwenyewe, sikuona, na nisichokiona siandiki. Niliona tu kwamba siku gauni lake lilipokaa kavu, alilifua mara mbili.

Amezalisha watoto zaidi ya elfu mbili, Nesi wetu, na hakuna hata mmoja anayemwita mama. Alipata cheti cha utumishi bora mwaka 1979. Ahsante, Agripina, kwa mikono yako na kwa kumeza kwako. Rudi Dindira kwenye ubaridi wa kwenu, ulale mpaka jua likuchoke, na uzee ukukute umeketi.

Anayebisha, mashahidi wapo. Bibi Hamisa ametangulia, Mungu amrehemu. Ndugu Mhina yupo hai, atakaa safu ya mbele, mwulizeni jembe lake alilipeleka wapi. Mtoto mwenyewe ni Mwantumu, ana miaka kumi na mitatu, ndiye atakayemvika Nesi shada. Na shahidi wa mwisho hahitaji jina. Sherehe haikosi mtoto mchanga. Akilia, msimtazame yeye. Mtazameni Nesi anapeleka wapi mkono wake, halafu mnitazame mimi.