Fomu ya Shimo la Nyumbani Kwangu

Sogezeni viti karibu, wanangu, msikae mlangoni kama watu wanaongoja kuaga. Wewe kifungua mimba wangu, zima simu hiyo. Pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kusema jambo mara mbili, na la leo nataka mlisikie wote watatu kwa pamoja, asije mmoja akasema baba alisema hivi na mwingine akasema vile.

Najua mmegombana jikoni. Nyumba hii niliijenga mwenyewe, hakuna neno la jikoni lisilofika kitandani hapa. Mnasema mdogo wenu amenivunjia heshima, kwa kuwa wiki iliyopita ofisi ya afya ilimtuma akague shimo letu la maji taka, akafungua mifuniko, akapima, na mahali pa matokeo akaandika: halikupita. Shimo la Bwana Mfuniko, kama mtaa unavyoniita, mkaguzi wa miaka thelathini na nne, halikupita. Nanyi kaka zake mnamtaka aichane fomu aandike nyingine, ili baba yenu afe na jina safi.

Basi sikieni jina hilo lilivyopatikana. Mtaa huu umekaa juu ya udongo wa mfinyanzi, maji hayazami, na mashimo ya kawaida yalikuwa yakifurika kila masika hadi visima vikanuka. Ndipo tukaanza kufunga haya ya aina nyingine: tangi la vyumba viwili, mashine ya kupuliza hewa, na pampu ya kupandisha maji kwenye tuta la mchanga yakachujike huko. Ni mtambo mzuri, lakini hautaki kusahauliwa. Nikazisimamia sheria zake bila kumwonea mtu haya: kila mwaka mfuniko ufunguliwe, tope likifika theluthi ya tangi, gari la kunyonya liitwe, kengele ya tahadhari isizimwe hata ikilia watu wakiwa mezani, na juu ya tuta pasipite gari wala pasipandwe mti. Shuleni mliitwa watoto wa mavi, na wewe wa pili ukawa unawaambia wenzako baba ni fundi wa pampu. Nilijua, sikukuuliza. Kazi mbaya si mchezo mwema. Kila nilipomaliza kukagua nyumba niliomba glasi ya maji ya kisima chao, nikayanywa mbele yao, na tumbo halijawahi kuniuma hata siku moja. Najivunia hilo, na simwombi mtu radhi.

Sasa lisikieni la aibu, kwa kinywa changu. Sheria inasema mkaguzi hakagui shimo lake. Mimi niliona sheria hiyo ni ya watu wasioaminika, si ya mtu kama mimi. Magoti yalipokataa kuinama, nikawa nasimama pale nje na kikombe cha chai, nasikiliza pampu inavyonguruma, nasema huyu mzima, kisha naingia ndani kugonga muhuri. Miaka mitatu. Nyani haoni kundule. Na kengele ilipolia zile siku za mwisho za marehemu mama yenu, mimi ndiye niliyeizima ili apate usingizi, mimi niliyewakaripia wajane kwa kosa hilo hilo, na sikuiwasha tena. Wanaosema mavi ya kale hayanuki hawajawahi kufungua mfuniko.

Kitinda mimba wangu, nipe mkono. Ulipoitumbukiza ile fimbo ya kupimia tope, yenye taulo jeupe, nilikuwa dirishani. Niliona taulo lilivyotoka jeusi hadi juu, nikakuona umekaa juu ya ndoo unalia, halafu ukanawa mikono ukaandika. Siku hiyo nilifurahi kuliko siku niliyopewa muhuri. Fimbo ni yako, na funguo za mifuniko, na daftari la nyumba mia mbili na kumi. Muhuri wangu urudishwe ofisini, wewe unao wako.

Nyumba ni yenu watatu. Msiiuze kabla shimo halijapona, msimtupie mgeni ugonjwa wetu. Kifungua mimba, gereji unayoiota juu ya tuta haitajengwa. Wa pili, nenda kwa jirani wa nyuma, tumenuniana miaka tisa kwa mti wake niliomkatia. Mwambie mizizi ilikuwa imefika kwenye tuta, lakini ilinipasa kupiga hodi kwanza.

Nikishaondoka watakuja watu wengi, na wote wana matumbo. Iteni gari la kunyonya kwanza, ndipo muwapigie ndugu simu. Mkodi vyoo vya nje... msione haya.

Ileteni fomu. Bila sahihi ya mwenye nyumba fundi haruhusiwi kuchimba. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi... mimi nataka kukiwahi. Kifungua mimba, wewe uliyetaka ichanwe, nishike kiwiko. Hapo chini... kwenye mstari. Haya. Imetosha.

Mungu awape macho ya kuona la kwenu kabla ya la jirani. Mpendane. Nimewaridhia... wote watatu.

Nina kiu. Nipeni maji... ya kisima chetu.

Hapana. Chemsheni kwanza.