Mzee Ponsian, Pipa Jipya na Madaraja Mawili

Tarehe 31 Desemba 1958 Mzee Ponsian Faustini atakabidhi panga, ndoo na koti lake la kazi, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Panga na ndoo nitavipokea stoo kwa furaha. Koti sitaki kuliona. Limekunywa lami mpaka linasimama lenyewe nyuma ya mlango, na wageni wawili wameshalisalimia.

Alianza kazi Tabora mwaka 1932, akiwafyekea njia wapima misitu. Yeye ni Mkonongo wa Inyonga, mtoto wa warina asali, na watu wa kwao wakiuona mti hawaulizi mbao, wanauliza nyuki. Reli ilipofika Mpanda aliomba kuhamia karibu na nyumbani, na kituo chetu cha majaribio kilipofunguliwa mwaka 1951 alikuwa wa kwanza kuandikwa kazi. Kazi yetu ni kutafuta nini zaidi ya kuni na mbao kinaweza kupatikana katika miti ya miombo. Tunafungia vipande vya mtundu, mmoja wa miti hiyo, ndani ya pipa la chuma, tunawasha moto chini yake, na mvuke unaotoka kwenye bomba ukipoa unatupa lami nyeusi na maji makali yenye harufu ya moshi. Ndani ya pipa hubaki makaa. Hakuna kinachopotea, isipokuwa nguo za wafanyakazi.

Mzee Ponsian aliamini kwamba harufu ile ni afya. Akawa anaoshea miguu yale maji makali, na mbwa wa mjini wakaanza kumfuata wakidhani amebeba samaki wa moshi. Kanisani alipata benchi zima peke yake. Mkewe, Mama Josefina, aliwatangazia majirani kwamba yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na kichanja cha kukaushia samaki. Lakini lami hiyohiyo Mzee aliipeleka Kapalamsenga, kule ziwani, wavuvi wakazibia mitumbwi iliyokuwa ikivuja, na hadi leo wakija Mpanda humletea samaki wao, migebuka. Husema: nyie watu wa porini mmetupumzisha kuchota maji mtumbwini.

Jaribio lililompendeza kuliko yote lilikuwa la madaraja. Nyuma ya kituo unapita mtaro wa maji, na mwaka 1952 tulijenga juu yake madaraja mawili ya miguu, yote ya mtundu. Moja tulilipaka lami, la pili tukaliacha hivyohivyo, tuone mchwa watachagua lipi. Baada ya miaka michache kila mwenyeji alijua kwamba lile lisilopakwa halikanyagwi. Kwa nje lilikuwa zuri bado.

Mwaka 1955 zikaja habari mbaya. Wakubwa wa Dar es Salaam walikuwa wameanza kuuliza kama moshi wetu una faida yoyote, na Bwana Mkaguzi akatumwa kuja kuona. Akiona kazi ya maana, kituo kingeendelea. Asipoona, kingefungwa nasi tungetawanywa, huyu Kigoma, yule Songea. Mzee Ponsian alikuwa ndiyo kwanza amemaliza nyumba yake ya matofali hapa Mpanda. Wiki hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nilimwona akiacha ugali sahanini.

Tegemeo letu lilikuwa pipa jipya, kubwa, lililoletwa kwa treni ili tupike lami mbele ya macho ya mgeni. Lilifika masika, tanuru lake halijakamilika. Nilimkabidhi Mzee Ponsian na kumwomba alilinde na kutu. Akalipaka nta ndani na mdomoni ili maji yasiliguse. Akalipandisha kwa kamba hadi kwenye panda ya mti, mbali na tope. Akalilaza ubavu ili mvua isiingie. Alifanya yote hayo kwa uangalifu mkubwa, na nadhani mikono ilikuwa ikijua inachofanya kuliko mwenyewe. Chombo kitupu, kimepakwa nta, kimelazwa juu ya mti: muulize mtoto yeyote wa Inyonga hicho ni kitu gani. Nyuki hawakuhitaji kuuliza.

Siku ilipofika, Bwana Mkaguzi alisimama chini ya mti ule na kofia yake nyeupe, tukamweleza faida za lami, kisha Mzee Ponsian akavuta kamba kuliteremsha pipa. Likayumba, likagonga shina, na wenye nyumba wakatoka.

Sisi wote tulikimbilia daraja lililopakwa lami, bila kuambiana. Bwana Mkaguzi, alipoona daraja jeusi limejaa watu, akachagua lile jingine, safi, lisilo na mtu. Mzee Ponsian alimwonya. Kwa bahati mbaya hofu ilikuwa imemwondolea Kiswahili chote, akamwonya kwa Kikonongo, maonyo mazuri kabisa ambayo hayakumsaidia mtu. Daraja lilipokea mguu wa kwanza. Wa pili halikuupokea.

Maji ya mtaro yalimfika Bwana Mkaguzi kifuani. Akazamisha kichwa, nyuki wakampita, wakaja kwetu. Alipoinuka alituona tunarukaruka juu ya daraja jeusi, kila mtu anajipiga makofi, na Mzee Ponsian, ambaye si mwepesi, yuko katikati. Daraja halikutikisika. Akatazama vipande vya lile lake vikielea pembeni yake, ndani vimejaa udongo na mchwa. Akatazama tena juu. Akauliza, akiwa bado majini, kama lile jeusi na hili lake yalijengwa siku moja. Tukasema ndiyo. Kituo hakikufungwa, na tangu hapo hata mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli, huletwa kwetu kupakwa lami.

Mzee Ponsian husema alipanga yote tangu mwanzo. Kila mwaka mpango huo unazidi kuwa mkubwa, na safari hii umeshaingiza hata kofia. Mwacheni aseme. Mimi nilimwona jioni ile, uso umevimba, macho hayafunguki, akilia na kucheka kwa pamoja kwa sababu atalala nyumbani kwake. Nami nililia. Nyuki walichangia, lakini si wao tu.

Kituo kitapoa bila wewe, Mzee wetu. Tunakushukuru kwa lami, kwa moshi na kwa nyumba zetu ambazo hatukuzihama. Mungu akupe siku nyingi na Mama Josefina, na kanisani akurudishie majirani wa benchi.

Kuhusu zawadi, wengine walipendekeza blanketi, wengine redio. Mwisho tumekubaliana wote, na Mkuu wa kituo ameridhia: tunakupa lile pipa. Halijawahi kupika lami hata siku moja, kwa sababu kila tukiwafukuza nyuki hurudi. Litahamishiwa nyumbani kwako Jumamosi magharibi. Kamati ya kukuaga inatafuta watu wanne wa kulibeba. Mpaka naandika haya amejitokeza mmoja tu, naye ni mstaafu mwenyewe.

Felisiani, mtunza stoo