Shangazi wa Vipimo, Aliyeifanya Skrini Yetu Iwe Nyekundu

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa Kitengo cha Vipimo vya Mtandao anastaafu. Kwenye karatasi za ofisi ana jina lake kamili na cheo chake. Kwenye korido, katika chumba cha seva na hata kwa walinzi wa getini anaitwa Shangazi, na anayeuliza ni Shangazi gani hujulikana papo hapo kuwa ni mgeni.

Jina hilo alipewa na fundi mmoja wa nyaya, wakati mwenyewe angali msichana, kwa hiyo halina uhusiano na umri. Kila ukoo una shangazi ambaye mama akinyamaza, yeye anasema. Atakuambia nguo haijakukaa, mchumba hafai na mchuzi umezidi chumvi, kisha atakaa na kula nawe kama kawaida. Fundi huyo alikuwa amesifia njia yake mpya ya waya wiki nzima, mpaka mhandisi huyu, akiwa bado mgeni kazini, akamwambia mbele ya watu kwamba inapoteza pakiti, yaani vile vifurushi vidogo vya data. Alikasirika, akaenda kuipima upya, akarudi akicheka. Tangu siku hiyo jina likamganda.

Wenzetu wa ghala na uhasibu kila mwaka hutuuliza hasa sisi tunafanya nini. Kazi yenyewe ni hii. Nyaya za kampuni hubeba data za wateja wengi kwa pamoja: shule, maduka, hospitali. Ingawa wote wanapita kwenye nyaya zilezile, kila mteja ana mtandao wake ndani ya mtandao wetu, na jirani hawezi kuchungulia. Huo tunauita mtandao pepe binafsi. Kila mwisho wa njia kuna ruta, mashine inayopokea pakiti za data na kuamua zielekee wapi. Kitengo cha Shangazi hutuma pakiti za majaribio kutoka ruta ya huku hadi ruta ya kule, kisha hutazama zimechukua muda gani, ngapi zimepotea, na kama zimefika kwa mwendo mmoja au kwa kusukumana. Majibu yanaonekana kwenye skrini kubwa ya chumba cha uangalizi. Kijani ni salama, njano ni tahadhari, na nyekundu ni simu kuanza kulia.

Hakuzaliwa akiyajua hayo. Ripoti yake ya kwanza bado inasimuliwa kwenye chumba cha chai. Alitaka kupima muda wa pakiti kwenda upande mmoja tu, akalinganisha saa ya ruta ya huku na saa ya ruta ya kule, bila kuangalia kwanza kama saa zenyewe zinakubaliana. Ya kule ilikuwa nyuma. Ripoti ikatoka ikionesha kwamba pakiti zetu zinafika kabla hazijatumwa. Meneja wa wakati huo, mtu mwema aliyependa habari njema kuliko hesabu, aliifurahia mno na kuuliza kama tunaweza kuwatangazia wateja. Shangazi ndiye aliyemwomba asubiri kidogo. Mpaka leo hakuna anayeingia ofisini kwake na kipimo cha muda asiulizwe kwanza habari za saa.

Mumewe, ambaye ni seremala na kwa utani anamshinda, anasema kuoa mtu wa vipimo kuna adha zake. Ukimpigia simu kumwambia uko njiani, anakuuliza umeshapita wapi. Kwake yeye njiani si mahali. Watoto wao walijifunza mapema kwamba kwa baba unaweza kusema unakaribia kumaliza kazi ya shule, lakini kwa mama ni lazima ulete daftari.

Alianza na meza moja na kompyuta isiyo na mfuniko katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mafagio. Leo kitengo kina wahandisi na mafundi wa kutosha kujaza chumba cha mikutano, na vituo vyetu vyote vinafuata taratibu alizoziandika yeye. Amefundisha watu ambao sasa ni wakubwa katika kampuni nyingine, na ambao bado wanampigia simu wakikwama. Chini ya meza yake kuna ruta mbovu ya miaka mingi anayoegemeza miguu. Husema hiyo ndiyo ruta pekee ofisini isiyomdanganya. Hana subira na watu wanaochelewa, wala na wanaorudisha vikombe bila kuviosha, na katika hili la pili hana cha msalie Mtume.

Lakini anayetaka kumjua Shangazi asikilize habari ya daktari wa picha.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunaiunganisha hospitali moja ndogo ya mbali na hospitali kubwa ya mjini. Ile ya mbali ilikuwa na mashine ya kupiga picha za mifupa na vifua, ila haikuwa na mtaalamu wa kuzisoma. Kwa hiyo picha zilisafiri kwenye mtandao wetu, daktari wa mjini akazisoma, akarudisha majibu mgonjwa akiwa bado kitandani. Kabla ya hapo mgonjwa mwenyewe ndiye aliyesafiri. Mtu aliyevunjika nyonga alipakiwa kwenye gari na kupigwa na mashimo ya barabara nusu siku, ili tu aambiwe nyonga imevunjika.

Kisha picha zikaanza kukwama, hasa asubuhi. Daktari akapiga simu. Sisi tukaangalia skrini, tukaona kijani, tukamtumia grafu. Akapiga tena, tukamtumia grafu nyingine nzuri zaidi. Mwenzetu wa huduma kwa wateja akaanza kumwita Daktari Malalamiko, na sote tulicheka. Mwisho hospitali ikatuambia bila kuzungusha maneno kwamba mwezi ukiisha hali ikiwa hivyo, watafunga huduma na kurudi kwenye gari.

Hapo lazima nieleze Shangazi alikuwa amesimama wapi. Kipimo kilichokuwa kikionesha kijani alikibuni yeye. Kampuni ilikuwa imempa tuzo kwa ajili yake, na jina lake lilikuwa mezani kwa wakurugenzi ili awe mkuu wa idara nzima. Alikitaka cheo hicho, na hakuficha. Ripoti ya kuthibitisha kwamba mtandao wetu hauna tatizo ilikuwa imeshatiwa sahihi, na sahihi ni yake.

Badala ya kutuma grafu ya tatu, alichukua mkoba wake akaenda kukaa katika chumba cha daktari. Mimi nilibaki zamu kwenye chumba cha uangalizi. Akapiga simu kuuliza njia ya hospitali ina rangi gani. Nikamwambia kijani kabisa. Akaniuliza tena kana kwamba sikusikia mara ya kwanza, nami nikajibu vilevile. Baadaye alitueleza alichokuwa anakitazama wakati ninazungumza. Ilikuwa picha ya nyonga ya bibi mmoja, imeshuka mstari kwa mstari hadi katikati, ikagoma. Daktari hakukasirika. Alijimiminia chai akasema leo afadhali, jana haikufika hata kiunoni.

Shangazi alirudi na kukifumua kipimo chake kwa mikono yake mwenyewe. Kosa lilikuwa pale pale mlangoni. Pakiti zake za majaribio zilikuwa zikianzia kwenye ruta na kupita katika njia ambayo ruta huitumia kusemezana zenyewe kwa zenyewe, na njia hiyo hupewa kipaumbele kuliko kila kitu. Tena zilikuwa pakiti nyepesi. Picha za hospitali, nzito kama zilivyo, zilipita ndani ya mtandao pepe wa hospitali, kwenye foleni nyingine iliyokuwa ikifurika kila asubuhi ofisi za mji zikiamka. Tulikuwa kama mwenye duka anayeingia kwa mlango wa nyuma kisha anaapa kwamba dukani kwake hakuna foleni. Shangazi alikosea, na kwa miaka miwili sisi wote tulikosea nyuma yake.

Kuirekebisha njia ya hospitali kulikuwa kazi ya alasiri moja. Ugumu ulikuja kwenye mkutano wa Jumatatu, kwa sababu kipimo kilekile ndicho tulichokuwa tukikitumia kwa wateja wote, na grafu za namna ileile zilikuwa zimetumwa kwa wote. Mkurugenzi alipendekeza tutengeneze kimyakimya, funika kombe mwanaharamu apite. Akaongeza kwamba kuwaambia wateja wote ni kumwaga mtama penye kuku wengi, tena wiki ambayo uteuzi wa mkuu wa idara unaamuliwa. Hakuhitaji kumtazama Shangazi aliposema hivyo, maana wengine tulikuwa tumeshamtazama.

Shangazi alisimama. Alianza kwa kusema nyani haoni kundule, na kwamba nyani katika kikao hiki ni yeye. Watu wakacheka, naye akasubiri kicheko kiishe. Kisha akasema daktari mmoja amepiga simu mpaka amechoka, na hatujui ni wangapi wamechoka bila kupiga. Akataka kila mteja aambiwe kwamba grafu alizopewa zilitupima sisi, hazikumpima yeye, na kipimo kipya kiwashwe mara moja kwa kila njia. Mkurugenzi alimuuliza kama anaelewa matokeo yake. Alijibu anaelewa, akakaa.

Kipimo kipya kilipowashwa, karibu theluthi ya skrini ilikuwa nyekundu. Sijawahi kuona kitu kibaya kama kile, wala sijawahi kujivunia kitu zaidi ya kile. Simu zililia mpaka mwenzetu wa huduma kwa wateja akapoteza sauti. Mteja mmoja mkubwa alituhama na hajarudi. Wengine walikasirika, wakabaki, na miezi iliyofuata tulikuwa tukizigeuza njia kijani moja baada ya nyingine, safari hii kijani cha kweli. Hospitali ile haikurudi kwenye gari. Cheo cha mkuu wa idara alipewa mtu mwingine.

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba hakujali. Alijali sana. Wiki nzima hakuja kunywa chai nasi, na siku moja alinieleza wazi kwamba inamuuma na itamuuma kwa muda. Wiki iliyofuata alirudi, akagundua kikombe chake kimetumiwa na mtu, na ofisi nzima ikajua kwamba amepona.

Kutokana na hayo tuna utaratibu ambao kila mfanyakazi mpya anaukariri kabla hajapewa hata funguo za chumba cha seva. Kipimo kipite ndani ya mtandao wa mteja, kutoka ruta yake ya mwisho huku hadi ruta yake ya mwisho kule, kwa uzito wa pakiti zake na katika foleni yake. Na mteja akisema ni polepole huku skrini inasema kijani, kinachochunguzwa kwanza ni skrini. Kampuni kadhaa zimekuja kujifunza utaratibu huo kwetu. Shangazi huwapokea vizuri, huwapa chai, na huwaeleza ulivyoanza bila kuruka kitu.

Nilipomaliza kuandika makala haya, mkuu wa idara alinishauri, kwa nia njema kabisa, niitoe habari ya skrini nyekundu. Alisema siku ya kumuaga mtu si siku ya kutaja kosa lake, tena wateja watakuwepo ukumbini na jarida hili la ofisi watakuwa nalo mkononi. Niliona ana hoja. Nikampelekea Shangazi aamue mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama. Mahali nilipoandika kwamba kipimo kilikuwa na dosari alikata kwa kalamu, akaandika kwamba yeye alikosea. Kisha akanirudishia karatasi na kusema, "Ukiitoa hiyo, toa na iliyobaki, maana iliyobaki ni sifa tu."

Basi tumeiacha, na wateja wetu waliopo ukumbini wanaisoma pamoja nasi.

Shangazi, tunakushukuru kwa miaka yote hii, na zaidi tunakushukuru kwa kutukatalia siku ile. Hatukukuambia wakati huo kwa sababu tuliogopa. Tunakuambia leo. Nenda ukapumzike na mzee, watoto na wajukuu, Mungu akujalie afya na siku nyingi za raha.